NIA NI YA MTU NA MOLA WAKE, HESABU NI YETU SOTE



Iko methali ambayo hapana nyumba ya pwani isiyoijua: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Tumelelewa nayo, na wanetu tunawalea nayo. Wala sikuja leo kuikanusha, kwani ni ya kweli, na dini yetu yaithibitisha. Nimekuja kuteta nawe juu ya namna tunavyoitumia.

Maana tumeigeuza methali hii ikawa rungu. Mtu akisimama akauliza habari ya uongozi, uwe uongozi wa msikiti, wa chama, wa ushirika au wa nchi, hatumjibu suali lake, bali twamwuliza nia yake. Nani kamtuma? Anataka nini? Ana lake jambo huyu! Na kiongozi akiharibu, hatumwulizi alichokiharibu. Twasema, mwacheni, nia yake ilikuwa njema. Basi tazama jinsi neno moja lilivyopewa kazi mbili: kumfunga mdomo anayeuliza, na kumfungulia mlango anayeharibu.

Mimi nasema, na nitalisema bila ya kuzunguka: kuihukumu nia ya kiongozi si kazi yetu. Kazi yetu ni kuitaka hesabu yake. Na watu wanaoshughulika kuhukumu nia wakaiacha hesabu hukosa vyote viwili, kwa sababu nia hawataiona kamwe, na hesabu hawataipata tena.

Huenda ukaona nimesema kubwa. Usikasirike upesi. Kwanza nifuate safari, tutoke huku kwenye minazi na harufu ya bahari, twende mpaka mwisho wa nchi, upande wa Ziwa, tukatazame kaburi moja.

YALIYOTOKEA NYARERO

Katika mkoa wa Mara, wilaya ya Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, ndiko kuliko Nyarero. Ni nchi ya Wakurya, watu wa jembe na ng'ombe. Waislamu huko si wengi kama kwetu, na mila zao si zetu. Lakini maradhi nitakayokusimulia hayachagui kabila wala dini, na ndiyo maana nimekuleta huku. Jambo likitazamwa kwa jirani huonekana vizuri zaidi kuliko likitazamwa nyumbani kwako mwenyewe.

Upande huo wa Nyarero, katika kijiji cha Kemakorere, amezikwa Chacha Zakayo Wangwe. Alichaguliwa kuwa Mbunge wa Tarime mwaka 2005 kwa tiketi ya CHADEMA, na baadaye akawa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho kwa upande wa Bara. Alikuwa mtu wa maneno makali, asiyeficha lake. Mwenyekiti wa chama wakati huo alikuwa Freeman Mbowe, aliyeshika kiti hicho tangu mwaka 2004.

Katika mwaka 2008 mambo yakaharibika baina yao. Wangwe alilalamika hadharani juu ya namna chama kinavyoendeshwa na namna ruzuku, yaani fedha ambazo vyama hupewa kutoka hazina ya nchi, inavyotumiwa. Tena akaonyesha kuwa anautaka uenyekiti. Kati ya mwaka ule Kamati Kuu ikamsimamisha umakamu. Yeye akasema kosa lake ni kuwa amekitamani kiti. Wenziwe wakasema kosa lake ni mwenendo wake na kukichafua chama mbele ya watu.

Sasa sikiliza, msomaji, kwani hapa ndipo penye funzo. Maswali mawili yalikuwa mezani. La kwanza: fedha za ruzuku zimetumikaje? La pili: je, mwanachama ana haki ya kugombea uenyekiti ilhali mwenyekiti yupo? Maswali yote mawili yana majibu yanayoonekana kwa macho. La kwanza jibu lake limo katika daftari, la pili limo katika katiba ya chama. Lakini mitaani na magazetini mazungumzo hayakuwa ya daftari wala ya katiba. Yalikuwa ya mioyo. Huyu akasemwa kuwa ni mroho wa madaraka na kwamba anatumiwa na chama tawala. Yule akasemwa kuwa amekifanya chama mali yake. Kila upande ukajifanya umeingia kifuani mwa mwenzake na kutoka na khabari kamili.

Mimi sikuambii nani kati yao alikuwa na haki. Nakuambia kuwa aliyejua ni Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba daftari lilikuwapo na halikuwa na haja ya ghaibu.

Usiku wa tarehe 28 Julai 2008, Wangwe akitoka Dodoma bungeni kuelekea Dar es Salaam, gari lake lilipata ajali Pandambili, wilaya ya Kongwa, naye akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Na kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha zoezwa kusoma nia, wakaisoma na ajali pia. Walisema hii si ajali, hii ni nia ya fulani imetimia. Viongozi wa chama chake mwenyewe walipokwenda Tarime kumzika walipokewa kwa hasira, mazishi yakaahirishwa, na maiti ikafanyiwa uchunguzi mwingine wa madaktari kwa kutakiwa na jamaa, ndipo ikazikwa. Uchunguzi ulisema ni ajali. Kijana aliyekuwa naye garini akashitakiwa mahakamani Dodoma kwa uendeshaji wa hatari. Lakini je, dhana ilikufa? La hasha! Katika kampeni za uchaguzi mdogo wa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Mchungaji Christopher Mtikila wa chama cha DP aliileta dhana ile jukwaani Tarime, akarushiwa mawe. Hivyo ndivyo zinavyokwenda hukumu za mioyo. Zinaanza kwa ulimi na kuisha kwa mawe, na katikati hapana ushahidi.

Na wale watu wa Tarime, baada ya maneno yote hayo, wakamchagua tena mtu wa chama kile kile, Charles Mwera. Basi waliolia kuwa chama kimeua, na waliolia kuwa marehemu alikuwa akitumiwa, wote walibaki na walichokuwa nacho. Kilichopotea ni lile suali la fedha.

SUALI HALIFI KWA KUZIKWA MUULIZAJI

Lilipotea kwa muda tu. Mwaka 2013, miaka mitano baadaye, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilitangaza kuwa vyama vya siasa, kile kinachotawala na vile vya upinzani, vilikuwa vimepokea ruzuku ya zaidi ya shilingi bilioni 60 katika miaka minne bila ya hesabu zao kukaguliwa kama sheria inavyotaka. Tazama! Suali la yule aliyeambiwa ana lake jambo limerudi, na safari hii haliko juu ya chama kimoja. Liko juu ya vyote.

Na aliyekuwa mwenyekiti wa kamati hiyo ni nani? Ni Zitto Kabwe, Naibu Katibu Mkuu wa CHADEMA hiyo hiyo. Naye mwezi wa Novemba mwaka huo huo akavuliwa vyeo vyake vya chama pamoja na Dk. Kitila Mkumbo, kwa sababu ya waraka wa mkakati wa kuutafuta uongozi wa juu wa chama. Zitto mwenyewe mwaka 2009 alikuwa amechukua fomu ya kugombea uenyekiti, kisha akaiacha kwa kuombwa na wazee. Kwa mara nyingine tena mabishano yakawa ni juu ya anachokitaka mtu moyoni mwake. Mara ya kwanza kiti kilitamaniwa, ikawa fitina. Mara ya pili ikaombwa radhi. Mara ya tatu ikawa uhaini wa chama.

Kisha tarehe 21 Januari 2025, katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, jambo lile lile lililokuwa dhambi likafanywa mchana kweupe. Tundu Lissu alimkabili Mbowe katika uchaguzi wa uenyekiti. Maneno ya nia yalikuwapo tena, na makali. Lakini safari hii palikuwa na sanduku. Kura zikahesabiwa mbele ya watu mpaka alfajiri: Lissu 513, Mbowe 482. Mbowe, aliyekuwa amekaa kitini miaka ishirini na kuonja jela ndani yake, akakubali kushindwa. Sisemi kura ile iliponya kila donda, kwani wapo waliokihama chama mwaka ule ule. Nasema hivi tu: baina ya 513 na 482 hakuna aliyehitaji kupasua kifua cha mtu. Lililotaka miaka kumi na saba ya kutuhumiana lilikatwa kwa usiku mmoja wa kuhesabu.

Usije ukadhani, ewe msomaji wa pwani, kuwa haya ni ya Bara. Yako ya kwetu, na ni ya zamani zaidi. Mwezi wa Januari 1984, Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alijiuzulu vyeo vyake vyote katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma. Kosa lake lilikuwa waraka uliotayarishwa kutaka suala la muundo wa Muungano lifikishwe mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba. Mtu ameuliza suali la sheria: je, Mapatano ya mwaka 1964 yalikusudia serikali mbili au tatu? Suali hilo lingeweza kujibiwa ndiyo au la, kwa karatasi zilizopo. Badala yake aliulizwa mwenyewe: amekusudia nini, na nani yuko nyuma yake? Mzee akarudi nyumbani kwake Mji Mwema, ng'ambo ya Kigamboni, akajishughulisha na dini mpaka alipofariki mwezi wa Agosti 2016. Mungu amrehemu.

Na suali lake je? Tume ya Jaji Nyalali ililikuta mlangoni mwaka 1991, ikapendekeza serikali tatu. Tume ya Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa mkoa huo huo wa Mara, ililikuta tena, na rasimu yake ya mwaka 2013 ikapendekeza serikali tatu. Ukubali serikali tatu au ukatae, si neno langu leo. Neno langu ni kwamba waliomhukumu muulizaji mwaka 1984 hawakulijibu suali, waliliahirisha tu, na miaka thelathini baadaye watoto wao walilikuta limekaa pale pale, limenenepa.

NIA NJEMA NAYO IMETULA

Nimesema neno hili lina kazi mbili. Ya kwanza umeiona. Ya pili ni ile ya kufunika.

Mwezi wa Novemba 1973 ilitolewa amri kuwa kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashamba Tanzania Bara wawe wanakaa katika vijiji. Mamilioni walihamishwa. Wengine walihama kwa hiari, wengine walipakiwa kwenye malori, na zipo nyumba zilizobomolewa na kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Ukiuliza leo, mara nyingi utajibiwa kuwa Mwalimu Nyerere alikuwa na nia njema. Huenda ndivyo, na Mungu ndiye ajuaye. Lakini yule mama aliyelala nje na wanawe akilitazama paa lake likiungua, nia ile njema ilimfunika baridi? Shamba lililoachwa na mpunga wake liliota kwa nia?

Tena ajabu ni kwamba Nyerere huyo huyo alikwisha tuonyesha njia iliyo bora. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumwuliza kiongozi moyo wake una nini. Lilimwuliza vitu vya kushikika: Je, una hisa katika kampuni yoyote? Je, unapokea mishahara miwili? Je, una nyumba ya kupangisha? Na mwaka 1984 Katiba ikatiwa kikomo cha vipindi viwili kwa Rais. Kikomo hicho hakimwulizi Rais kama ni mwema au mwovu. Chamwambia mwema na mwovu pamoja: muda wako umekwisha, nenda kwenu. Hekima kubwa hiyo! Na yale masharti ya Azimio yalipolegezwa katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991, hakuna aliyesema tumeamua viongozi wawe na nia mbaya. Kilichoondolewa ni kipimo tu. Kipimo kikiondoka, nia njema yabaki imesimama peke yake sokoni, na unajua mwenyewe sokoni kuna nani.

MIZANI YA WALIOTUTANGULIA

Najua sasa kuna msomaji anayetikisa kichwa. Atasema: Ndugu yangu, umesahau hadithi ya nia, ile aliyoipokea Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na Imam Bukhari akaitanguliza mwanzoni mwa kitabu chake? Je, si Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha kuwa amali zahesabiwa kwa nia?

Sikuisahau. Nakuuliza wewe: hadithi hiyo inasema na nani? Inasema na mwenye nia. Yatwambia, wewe unayehama, jichunguze unahamia kwa nani. Haimwambii jirani amchunguze anayehama. Ni kioo cha kujitazamia, nasi tumekichukua kioo tukakipasua, tukatumia vigae vyake kuwachoma wenzetu.

Kumbuka khabari ya Usama bin Zaid (R.A.). Vitani alimshinda mtu, na mtu yule akatamka shahada, naye Usama akamwua kwa kuona kuwa ameitamka kwa kuogopa upanga tu. Alipomweleza Mtume (S.A.W.), Mtume alimkasirikia, akamwuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akauona uliyo nayo. Alimrudia rudia suali hilo mpaka Usama akatamani kuwa angekuwa amesilimu siku ile ile. Sasa pima, msomaji. Ikiwa Usama, kipenzi cha Mtume, aliyekuwa vitani na upanga mkononi na dalili zote mbele yake, hakuruhusiwa kuhukumu moyo, wewe uliyekaa barazani na kikombe cha kahawa umeruhusiwa na nani?

Na Sayyidna Umar, huyo huyo aliyetupokelea hadithi ya nia, alipokuwa khalifa aliwaeleza watu kuwa zama za wahyi zimepita, na kwamba tangu sasa atawachukulia kwa yale yanayodhihiri katika vitendo vyao, na ya ndani yao hana lake humo, Mungu ndiye atakayewahesabia. Hakuishia kusema. Alipompa mtu ugavana aliandika mali yake, na aliporudi aliilinganisha na ile iliyoandikwa. Hakusema, fulani ni sahaba, nia yake naijua. Na siku mwenyewe alipopanda mimbari, mtu mmoja, na wengi husimulia kuwa ni Salman Farsi, alikataa kumsikiliza, kwa kuwa kila mtu aligaiwa kipande kimoja cha nguo na Umar amevaa viwili. Je, Umar alimwuliza kuwa nani kamtuma? Alimwambia kuwa ana hasadi? Alimwita mwanawe Abdullah asimame aeleze, naye akaeleza kuwa amempa baba yake kipande chake. Hesabu ikatoka, na mtu yule akasema sasa atasikiliza. Suali lilikuwa la nguo, na jibu likawa la nguo. Basi!

Msomaji mwengine atasema: Lakini Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdurrahman bin Samura asiutake uongozi. Je, si dalili kuwa anayeutaka ana nia mbaya? Ni kweli alimkataza, na ni nasaha kubwa kwa kila mwenye kutamani cheo. Lakini Nabii Yusuf (A.S.) aliomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, akataja na sifa zake za kuiweza kazi. Basi wanavyuoni wakatazama kazi na uwezo wa mtu, hawakusema kila aombaye ni mroho. Tena nami nina langu la kuuliza: mbona anayekitaka kiti twamwita mroho, na anayeking'ang'ania twamwita mvumilivu? Ikiwa kutaka ni aibu, kutotaka kuondoka ni nini?

NA HAYA NI YA NYUMBANI

Wakurya wa Tarime, pamoja na yote yaliyowapata, wana baraza lao la wazi waliitalo ritongo. Jambo la kijiji, khasa la wizi wa ng'ombe, huletwa pale mbele ya watu wote, anayeshitaki akasema na anayeshitakiwa akajibu. Hapo kinachotafutwa ni ng'ombe: yu wapi, na nani kaonekana naye. Nasi tulikuwa na baraza zetu, na tuna shura iliyoamrishwa katika dini yetu. Tumezifanya nini?

Nitakwambia niliyoyaona. Katika msikiti mmoja ambao sitautaja, ziko nyumba za wakfu. Wapangaji wapo na kodi hulipwa, lakini paa la msikiti lavuja, na mwalimu wa chuo hukaa miezi hajapata chake. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa kijana alisimama, akasema kwa adabu:

"Wazee wangu, shikamooni. Naomba tusomewe hesabu ya kodi ya nyumba za wakfu."

Mzee mmoja wa kamati akamgeukia.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma?"

"Sikutumwa, mzee wangu. Nataka kujua tu."

"Unataka kujua, au unataka uweka hazina? Baba yako alikuwa mtu mpole, hakuwa na mambo haya."

Watu wakacheka. Kijana akaketi. Hesabu haikusomwa siku ile, na mimi niliyekuwa safu ya tatu nilinyamaza kama wengine, na ndiyo maana leo naandika. Huenda kijana yule alikuwa akiutaka uweka hazina. Haya, na autake! Je, kutaka kwake kunaipunguza kodi ya wakfu? Kunaziba paa? Yule marehemu aliyeacha nyumba zake kwa ajili ya Mungu, haki yake yadaiwa na kila aliyemo msikitini, mwenye nia safi na mwenye nia chafu. Deni halimwulizi mdai moyo wake.

Na wale wazee, nisiwadhulumu kwa kosa lile lile ninalolikataza. Sisemi wamekula. Huenda kila senti iko mahali pake. Lakini aliye safi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya daftari, kwani siku ya kufa kwake daftari ndilo litakalomtetea mbele ya wanawe, wasisikie mitaani kuwa baba yao alikuwa mwizi wa wakfu. Anayekataa hesabu kwa kuwa ametukanwa kwa kuulizwa, amejivua kinga yake mwenyewe.

Basi ndugu msomaji, na wewe bibi unayesomewa gazeti hili ukumbini, nawausieni machache. Mtu akiuliza, lijibuni suali kabla ya kumtazama muulizaji. Kiongozi akiharibu, taja alichoharibu, na hiyo nia mwachie Mola wake. Anayetaka kiti, mwulizeni ataifanyaje kazi na ataondoka lini. Aliyekikalia, mwulizeni ameifanyaje na anaondoka lini. Na hesabu isomwe kila mwaka bila ya kuombwa, ili anayeiuliza asionekane adui.

Na wewe uliye kiongozi, wa watu kumi au wa watu milioni, usifurahi ukadhani nimekusamehe habari ya nia. Hapana. Nimekutoa katika mahakama yetu ndogo nikakuacha mbele ya ile kubwa. Huko ndiko watakakoletwa, kama tulivyofundishwa, mpiganaji, mwanachuoni na mtoa sadaka waliofanya yote kwa kutaka kusifiwa, na wawe wa kwanza kutupwa. Huko hakuna kamati ya kukulinda wala umati wa kukupigia makofi. Ijaribu nia yako usiku, peke yako, na mchana utuletee daftari.

Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa kiza. Tuache kuingia msitu huo na mapanga. Walisema vile vile kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo la pili ndilo lililo katika uwezo wetu, na Ijumaa ijayo haiko mbali. Akisimama tena kijana yule, mimi sitanyamaza. Wewe je?

Wabillahi tawfiq.